Kijana wangu hawezi kurudisha chenji bila simu

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mama wa miaka 48, nina duka la vyakula na vitu vya nyumbani karibu na maegesho ya malori. Mume wangu anapitisha mizigo ya watu forodhani. Tuna watoto watatu: binti ameolewa na ana mtoto wa miezi saba, wa pili yuko chuo cha ufundi, na kitinda mimba ana miaka 13, yuko darasa la sita.

Huyu mdogo ndiye ananikosesha usingizi. Juzi mzee mmoja alinunua vitu vya shilingi 15,400 akatoa noti ya elfu ishirini. Kijana akatafuta simu apige hesabu, simu imezima chaji. Akasimama pale, anaangalia noti, anamwangalia mteja, mpaka mzee mwenyewe akasema, "Nipe elfu nne na mia sita, mwanangu, giza linaingia." Watu walicheka sana. Mimi nilitamani kujificha chini ya meza. Umri wake mimi nilikuwa nageuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani huku nimejitwika ndizi!

Mwalimu wake anasema anasoma kwa shida, hatulii, na ukimtuma mambo mawili analeta moja. Alipokuwa na miaka mitatu alilazwa kwa malaria iliyompanda kichwani, akapata degedege na kupoteza fahamu, lakini alipona kabisa. Si mtoto wa kuzurura. Akitoka shule yuko nyuma ya duka kwenye kibanda cha fundi betri, anamsaidia kuyeyusha risasi, ile metali ya ndani ya betri, anapewa mia tano ya mandazi.

Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mtu aliyesoma, na kila siku anatutumia sauti kwenye WhatsApp. Anasema akili za binadamu zinashuka dunia nzima, Wazungu wameshapima wakaona. Sababu anazozitaja: wenye akili wanazaa wawili na wasio nazo wanazaa kumi, kwa hiyo damu imeharibika, halafu simu na minara yake, halafu chanjo. Binti yangu amesikiliza hizo sauti, tangu mwezi uliopita hajampeleka mtoto kliniki. Mume wangu naye kaka yake akisema amesema. Anataka muhula ujao kijana ahamie kwa bibi yake kijijini, Tororo, asishike simu, eti akili irudi.

Na mimi mwenyewe, Shangazi, sijisikii sawa. Madeni ya wateja nilikuwa nayo yote kichwani. Leo bila daftari nimepotea. Naingia stoo nasahau nilichofuata. Jirani wa miaka mingi jina lake linanitoroka.

Ni kweli akili zinapungua? Ni simu? Nimwachie mtoto aende Tororo?

Mama wa Busia

* * *

Mama wa Busia,

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza. Kijana asikanyage tena kwenye kibanda cha fundi betri. Kuanzia leo.

Wewe umekitaja kama sifa, kwamba mtoto hazururi. Mimi nilipofika kwenye kuyeyusha risasi niliiweka barua chini kwanza. Katika yote uliyoniandikia, minara na damu na chanjo, hakuna lenye uwezo wa kuharibu kichwa cha mtoto kama hilo, na liko hatua chache nyuma ya duka lako.

Risasi ikiingia mwilini, mwili unaidhania ni kalsiamu. Unaihifadhi kwenye mifupa na kuipeleka hadi kwenye ubongo. Tumbo la mtoto hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Na ubaya wake ni kwamba kwa kawaida haileti homa wala kumlaza mtoto. Anacheza, anakula, ila hatulii, anakasirika upesi, kusoma kunamshinda, na watu wazima wanamwita mzembe. Moshi wa kuyeyushia unatua kwenye nywele, kwenye shati la shule, kwenye vumbi la pale chini, na kwenye yale mandazi anayoyashika kwa mikono ileile.

Usidhani nakutisha. Pale Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumisha watoto na watu wazima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Tena kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa ikijivutia risasi kwenye petroli tangu miaka ya 1920, ili tu injini zisigongegonge. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikafunga mlango wa mwisho mwaka 2021. Shemeji akitaka kujua nini kimepunguza akili za watu katika karne iliyopita, hapo ana jibu kubwa kuliko mnara wowote. Wamarekani waliokuwa watoto enzi za petroli hiyo mpaka leo wanahesabiwa hasara yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Nguo alizokuwa akivaa kibandani zifuliwe peke yake, na yeye aoge, kucha zikatwe. Sakafu za nyumba na duka zipigwe deki ya maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi tu. Asikae na njaa, maana tumbo tupu linafyonza risasi zaidi. Mpe maharage, mboga za majani, maziwa ukipata, na dagaa, hao mukene wa ziwani ambao watoto wanawakimbia: wana chuma na kalsiamu, na vyote viwili vinaibania risasi njia. Kisha mpeleke hospitali kubwa, umweleze daktari bila kuzungukazunguka: "Mtoto amekuwa akiyeyusha betri." Omba apimwe wingi wa damu, na uulize damu yake inaweza kupimwa risasi hapo au ipelekwe maabara ya mbali. Usikubali kurudishwa na vidonge vya maumivu.

Na fundi mwenyewe? Usimwendee na vita, ni jirani na ni riziki yake. Naye anajiua polepole, na kama ana watoto anawapelekea sumu nyumbani kwenye suruali. Ongea naye, ikishindikana mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yupo. Kuuza betri na kuzichaji si tatizo. Tatizo ni ule moto.

Sasa tuje kwa shemeji. Hakukosea yote, ndiyo maana anaaminika.

Ni kweli Wazungu wamepima. Mtaalamu mmoja wa New Zealand, James Flynn, katika miaka ya 1980 alikusanya majaribio ya akili kutoka nchi nyingi akaonyesha kwamba alama zilikuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi, kama alama tatu kila miaka kumi. Ni kweli pia kwamba baadaye, katika baadhi ya nchi tajiri, zilianza kuteremka. Norway ndiyo yenye kumbukumbu nzuri zaidi, kwa sababu vijana wao wa kiume hupimwa wanapoitwa jeshini. Watafiti wawili, Bratsberg na Rogeberg, walichambua waliozaliwa kati ya 1962 na 1991 na kutoa matokeo mwaka 2018. Alama zilipanda hadi kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, halafu zikaanza kushuka.

Lakini sikiliza walichokifanya katika uchambuzi huohuo, ambacho kwenye sauti za WhatsApp hakimo. Waliwalinganisha ndugu. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja: kaka aliyezaliwa mapema na mdogo wake aliyezaliwa miaka kadhaa mbele. Wakakuta kule kupanda na kule kushuka kote kunaonekana ndani ya familia zilezile. Kama sababu ingekuwa wasio na akili kuzaa wengi, mdogo asingeshuka chini ya kaka yake, maana wazazi ni walewale. Damu haikubadilika. Kilichobadilika ni mazingira: shule, chakula, magonjwa, usomaji, namna watoto wanavyotumia siku yao. Lipi kati ya hayo hasa, wataalamu bado wanabishana, na yeyote anayekutajia moja tu kwa kujiamini, muogope. Huko Marekani nako, uchunguzi wa mwaka 2023 ulikuta watu wazima wameshuka kwenye mambo ya lugha na mfuatano wa namba, lakini wamepanda kwenye kugeuza maumbo kichwani. Ukiniuliza mimi, hiyo inafanana na akili iliyobadilishiwa kazi kuliko akili iliyokwisha.

Halafu hayo ni ya kwao. Ya huku kwetu ni tofauti kabisa, na hapa ndipo nilitaka tufike. Jirani zetu wa Kenya, wilaya ya Embu vijijini, watoto walipimwa mwaka 1984, wakaja kupimwa wengine wa umri uleule mwaka 1998. Miaka 14 tu, na alama zilikuwa zimepanda sana. Wazazi walikuwa wameongezeka kujua kusoma, familia zimekuwa ndogo, chakula na afya vimekuwa afadhali. Hakuna aliyebadilisha damu ya watu wa Embu. Kwetu akili ya mtoto haijaanza kuchoshwa na usasa. Bado inaibiwa na wezi wa zamani.

Wa kwanza ni malaria. Umeandika kijana "alipona kabisa." Alipona homa, na Mungu ashukuriwe. Lakini pale Kampala, Hospitali ya Mulago, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya kichwani. Miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili. Kwa watoto wa mitaa hiyohiyo ambao hawakuugua, ilikuwa asilimia 8. Kilichoathirika zaidi kilikuwa uwezo wa kutuliza mawazo. Ukimtuma mambo mawili analeta moja, sivyo ulivyosema? Simtolei hukumu nikiwa mbali, na wako alikuwa mdogo kuliko hao. Ila historia hiyo mwalimu wake anatakiwa aijue, amkalishe mbele na ampe agizo mojamoja, na daktari pia aijue siku hiyohiyo ya kipimo cha risasi. Wewe nawe acha kumfananisha na wewe uliyekuwa na ndizi kichwani.

Wa pili ni shule yenyewe. Serikali ilifunga shule Machi 2020, na zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko sisi, na wanafunzi kama milioni 15 waliguswa. Wako alikuwa na miaka saba, umri hasa wa kushika kusoma na kujumlisha. Waliporudi walisogezwa darasa la mbele, wakaanza kufundishwa mambo yanayosimama juu ya msingi ambao haukujengwa. Huyo mtoto anaitwa wa darasa la sita, lakini kwenye hesabu huenda yuko la tatu. Mjaribu bila kumwaibisha: mpe kitabu cha darasa la tatu, akisoma vizuri panda, akikwama anza hapo hapo. Kila jioni kidogo, bila kofi.

Na chenji mfundishe mwenyewe, kwa njia ya dukani. Shule inamfundisha kutoa 15,400 kwenye 20,000 kwa kukopa na kushusha, njia ndefu ya karatasi. Muuzaji hatoi, anajazia: kutoka 15,400 kufika 16,000 ni mia sita, kutoka 16,000 kufika 20,000 ni elfu nne. Weka sarafu na noti halisi mezani, duka likiwa halina mtu. Akiizoea, umrudishe kaunta, na kikokotoo kikae kwenye droo.

Simu? Nimeichelewesha kwa makusudi, kwa sababu mumeo ameiweka mbele. Mawimbi ya mnara hayajathibitika kumpunguzia mtu akili. Ila simu ina makosa yake mawili. La kwanza ni usingizi. Mtoto anayeangalia video hadi saa sita usiku kesho yake darasani hana kitu, hata angezaliwa profesa. Simu zote zilale sebuleni, na ya baba pia, la sivyo sheria haitakaa wiki. La pili ni kumnyima zoezi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu wakijua jambo limehifadhiwa kwenye kompyuta, jambo lenyewe wanalikumbuka kidogo, ila wanakumbuka vizuri limehifadhiwa wapi. Ubongo haubebi mzigo unaoona umebebwa na mwingine.

Ndiyo habari yako wewe na daftari. Madeni yameandikwa, kichwa kimeyashusha. Kuingia stoo ukasahau ulichofuata, jina la jirani likakutoroka kisha likaja usiku, hayo kwa mama wa miaka 48 mwenye duka na wasiwasi wa mtoto si ugonjwa. Umri huo hedhi inaelekea kukoma, usingizi unakatika, na kumbukumbu inayumba pamoja nao. Hata hivyo pima presha, sukari na damu, kwa kuwa utakuwa hospitalini na mtoto. Cha kukimbilia kwa daktari ni kupotea njia unayoijua, kuuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja, au kushindwa kazi ya duka uliyoifanya miaka yote. Hujaniambia hata moja. Na daftari usiliache, wadaiwa wanalipenda sana duka lisilo na daftari.

Kuhusu Tororo, hapana, asihamie. Mumeo anampeleka mtoto kule ili akili irudi, na sidhani anakumbuka Tororo inajulikanaje kwa wanaochunguza mbu. Nagongera, wilaya hiyohiyo, walipima wakakuta mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Baadaye kuta za nyumba zikapigwa dawa na hali ikawa nafuu sana, lakini mtoto aliyewahi kupandwa na malaria kichwani simpeleki huko nikidhani namtibu. Tena utamhamisha shule wakati ndio kwanza unataka kuziba mapengo. Likizo aende, na chandarua chake kwenye begi. Bibi atamsimulia hadithi na vitendawili, atamtuma kuhesabu kuku, vyote ni vizuri.

Mumeo usimkabili kwa kumdharau kaka yake, utashindwa kabla hujaanza. Yeye mwambie habari ya betri na umwombe akupeleke hospitali. Baba akisikia neno sumu kuhusu mwanawe, sauti za WhatsApp zitasubiri. Ile hadithi ya ndugu wa Norway atamsimulia kaka yake mwenyewe, wakati wao, si wewe mbele ya watu.

Liko jambo moja haliwezi kusubiri ukoo ukubaliane: mjukuu. Tangu Aprili 2025 Uganda inatoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo, ilianzia wilaya 105, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Mtoto wa miezi saba yuko katikati yake kabisa. Yaani mama yake anamzuia chanjo kwa kuogopea akili yake, na chanjo hiyo inamkinga na ugonjwa uleule uliomlaza mjomba wake. Hata kama amepitwa na dozi, wahudumu watampangia upya, hatagombezwa, na akigombezwa avumilie. Mpigie simu leo, umsindikize mwenyewe asubuhi ya siku ya kliniki. Abebe kadi ya mtoto. Na kwa chanjo ya surua amebakiza miezi miwili tu, muulizeni nesi tarehe papo hapo mkiwa kule.

Shangazi